Usitupe Mawe Yasiyo na Tumbawe

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpendwa,

Baba yako mguu umepoa, siku hizi anashuka mwenyewe mpaka sokoni asubuhi, na nyanya yako anakuombea dua kila baada ya swala.

Barua yako nimeisoma, na picha za mawe nimezikuza moja moja. Kazi ya kuyachukua umeifanya vizuri. Kila jiwe lina namba, lina urefu wake kutoka usawa wa bahari, na lina mshale wa kuonyesha upande wa juu. Wanafunzi wengi niliowakatia mawe maabara walikuwa wakiusahau mshale huo, kisha wanakuja kuuliza jiwe lilikaaje kwenye genge. Lakini ukurasa wako wa mwisho umenitia wasiwasi. Unasema utapeleka kukatwa yale mawe yenye matumbawe yanayoonekana kwa macho, na mengine, kwa kuwa ni "chokaa tupu", utayaacha.

Nakuomba usiyaache. Swali uliloliweka mbele ya mwalimu wako ni bahari ilifika wapi wakati mwamba ule wa Kilifi ulipokuwa hai. Jibu la swali hilo limo zaidi ndani ya mawe uliyoyaita matupu kuliko ndani ya matumbawe yako.

Chukua Porites, lile tumbawe la mviringo unaloliona kila mahali kwenye genge. Leo hii linaishi kuanzia maji ya magotini mpaka kina cha mita 20 na zaidi. Ukilikuta limekuwa jiwe mita nne juu ya bahari ya sasa, limekuambia kwamba wakati wa uhai wake maji yalikuwa juu ya hapo. Basi. Yalikuwa juu kwa mita moja, au kwa mita kumi na tano? Hilo tumbawe halisemi. Unahitaji shahidi asiyeweza kuishi ila karibu kabisa na uso wa maji, na shahidi huyo ni mwani.

Mwani ninaousema si ule laini unaopandwa na akina mama kwenye kamba kule Unguja. Nenda wakati wa bamvua, maji yakishakupwa, mpaka ukingo wa nje wa mwamba, pale mawimbi ya kusi yanapopiga. Utaona mawe yamevikwa rangi ya waridi, mengine zambarau. Watu hupita juu yake wakidhani ndiyo rangi ya jiwe, kumbe ni mwani mwekundu. Hauna jani wala shina. Unaweka chokaa ndani ya kuta za seli zake wenyewe ungali hai, unatambaa juu ya tumbawe lililokufa, unafunika makome, unaziba nyufa, na vipande vilivyokuwa vikisukumwa huku na huku unavigandisha pamoja. Mawimbi yanayovunja matawi ya matumbawe hayauwezi ukingo ule kwa sababu ya kazi ya mwani huu.

Ukifa, rangi inapotea. Katika jiwe unabaki tabaka la rangi ya maziwa, zito, lisilo na matundu ya kuonekana kwa macho, unene wa milimita chache au sentimita kadhaa. Hilo ndilo uliloliita chokaa tupu. Tazama tena picha ya jiwe lako la saba, upande wa kushoto: ile mistari myeupe inayozunguka tundu ni mwani uliokua tabaka juu ya tabaka, na tundu lenyewe nina hakika lilikuwa tumbawe.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya mwaka wa kwanza hulipita haraka, nami nataka ulikalie. Mifupa ya matumbawe imejengwa kwa aragonaiti. Mwani mwekundu unajenga kwa kalisaiti yenye magnesi nyingi. Zote mbili ni chokaa, na ukizidondoshea ndimu zote zitatoa povu, lakini mvua haizitendei sawa. Bahari ikishuka na mwamba ukabaki juu, maji ya mvua yanapenya ndani yake maelfu ya miaka. Aragonaiti inayeyuka, inaacha tundu, au nafasi yake inachukuliwa na fuwele kubwa za kalisaiti zinazofuta alama zote za ndani. Ile kalisaiti ya mwani hupoteza magnesi yake polepole, lakini umbo lake hulishika. Mwamba ukishakaa juu muda mrefu namna hiyo, tumbawe laweza kuwa limefutika kabisa na mwani uliolizunguka ukasomeka mpaka seli moja moja. Wewe umechagua mawe kwa kile kilichobaki kikubwa. Mvua nayo ilichagua zamani, na haikuchagua kama wewe.

Seli hizo utaziona chini ya hadubini tu. Kila moja ina upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita, na zimepangwa safu kwa safu mfano wa shashi iliyofumwa kwa uzi mwembamba mno. Katikati ya safu hizo tafuta vyumba vya uzazi, vijishimo vyenye umbo la yai vilivyojipanga mstari. Viangalie dari zake. Jamii ya Lithophyllum, vyumba vyake vina tundu moja juu. Lithothamnion na Mesophyllum, vile vyumba vinavyobeba mbegu zisizo za ndoa vina dari yenye matundu mengi. Usiandike jina la jenasi kabla hujaviona, maana umbo la nje la mwani hubadilika kufuata mwanga na mawimbi, nalo limewadanganya wataalamu wakubwa.

Limewadanganya tangu mwanzo. Linnaeus mwenyewe aliviweka viumbe hivi upande wa wanyama, pamoja na matumbawe. Mwaka 1837 ndipo Mjerumani Rudolph Philippi alipothibitisha kwamba ni mimea, akatoa majina ya Lithothamnion na Lithophyllum tunayoyatumia hadi leo. Na hata baada ya hapo, kila mtu aliendelea kuamini kwamba mwamba wa baharini ni kazi ya matumbawe.

Kilichowashtua ni Funafuti, kisiwa kidogo cha Pasifiki ambacho leo ni cha nchi ya Tuvalu. Charles Darwin alikuwa amedai kwamba visiwa vya namna ile ni miamba iliyojengwa juu ya volkano zinazozama taratibu, na Royal Society ya London ikataka kulihakikisha hilo kwa kutoboa. Walianza mwaka 1896, mtambo ukakwama. Mwaka uliofuata aliongoza kazi Edgeworth David kutoka Sydney, na kufikia 1898 walikuwa wamefika kina cha mita 340 hivi bila kuuona mwisho wa chokaa. Wengi wanaikumbuka safari ile kwa ajili ya Darwin. Mimi naikumbuka kwa ajili ya Alfred Finckh, aliyekaa kuchunguza viumbe wanaoujenga mwamba ule na kuwapanga kwa uzito wa kazi yao. Wa kwanza aliuweka mwani wa Lithothamnion. Wa pili, Halimeda, ambao ni mwani wa kijani. Wa tatu, foraminifera. Matumbawe yakawa ya nne.

Sisemi mpangilio huo ni wa kila mahali. Mwamba wa Kilifi si Funafuti, na matumbawe ya kwetu ni mengi, J. A. Crame alichapisha utafiti wake juu yake mwaka 1980, nawe umemtaja vizuri. Ninachosema ni kwamba mtu anayetazama matumbawe peke yake ameruka wajenzi watatu, na miongoni mwa hao wamo wanaoongea habari ya kina kwa usahihi zaidi.

Sasa tuje kwenye kina chenyewe. Porolithon onkodes ni mwani unaopenda mwanga mkali na mawimbi mazito. Ukikuta tabaka zake nene, na ndani ya tabaka hizo pana mirija iliyopindapinda ya wale konokono wanaojigandisha kwenye mwamba wakiwa wadogo wasihame tena maisha yao yote, hapo umeukamata uso wa bahari. Mkusanyiko huo hukaa katika mita chache za juu kabisa, kwa kawaida pungufu ya kumi. Mwaka 2005 msafara wa kimataifa ulitoboa miamba iliyozama pembeni ya Tahiti na kutoa nguzo za mawe kutoka chini ya bahari. Umri waliupata kwa urani na thoriamu katika matumbawe, lakini kujua tumbawe lile lilikuwa kwenye kina gani, walitegemea pia mwani na wale konokono. Kwa njia hiyo walionyesha kwamba kati ya miaka 14,650 na 14,310 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa ikiyeyuka, bahari ilipanda mita 14 hadi 18. Muda wote huo haukufika miaka 350. Utafiti wa uzito kama ule usingesimama bila mwani ndani yake.

Lakini usinisikie nikisema mwani mwekundu ni wa maji madogo, ukaandika hivyo. Mwaka 1984 Mark na Diane Littler waliukuta hai katika Bahamas kwenye kina cha mita 268, mahali ambapo mwanga wa jua umebaki kivuli cha kivuli. Kwa hiyo "kuna mwani mwekundu" si jibu. Jibu ni mwani gani, unene gani, pamoja na nani. Tabaka jembamba la Mesophyllum juu ya tumbawe bapa ni habari ya maji ya chini zaidi. Na mfuatano wake una maana: tabaka nene la ukingoni likifunikwa na tabaka jembamba la kina, maji yalikuwa yanaongezeka kuliko mwamba ulivyoweza kupanda. Kinyume chake nacho kina maana yake. Ndiyo sababu nimeusifu mshale wako.

Foraminifera ni viumbe wa seli moja wanaojijengea nyumba ya chokaa yenye vyumba vingi. Utakaowaona zaidi ni Amphistegina, umbo la dengu, upana wa milimita moja au mbili. Ndani ya mwili wake anafuga mwani mdogo sana unaomlisha, kwa hiyo naye ni mtumwa wa mwanga. Katika maji madogo yenye msukosuko nyumba yake huwa nene na iliyotuna. Akiishi chini zaidi huwa nyembamba na bapa, ili mwanga uliopungua uwafikie wale anaowafuga. Pima unene kwa upana, nyumba nyingi, uweke wastani. Tahadhari moja tu: Amphistegina akifa anakuwa mchanga, na mchanga unasafiri. Mwani uliogandia mwamba umefia palipo nyumba yake. Ukiona wawili hao wanapingana, mwamini mwani.

Hao foraminifera walipokuwa wakubwa walikuwa wakubwa kweli. Mawe ya piramidi za Giza yamejaa Nummulites, wengine wa sentimita kadhaa, waliokufa katika bahari iliyofunika Misri zaidi ya miaka milioni 40 iliyopita. Strabo, Mgiriki aliyefika pale zaidi ya miaka 2000 iliyopita, alisimuliwa kwamba ni mabaki ya adesi za chakula cha wajenzi zilizogeuka mawe. Ukipata nafasi ya kwenda Misri, piga magoti kwanza kabla hujainua macho.

Halimeda nakupa kwa ufupi, kwa sababu katika mawe yako huenda zimebaki nafasi zake tu. Mwili wake ni vipande vidogo bapa vilivyoungana. Ukifa vinaachana na kuwa mchanga mweupe, na kwa kuwa ni aragonaiti, mvua inavila. Tafuta nafasi tupu zenye umbo la kipande cha shilingi kilichokatwa pembeni.

Umeniuliza pia kama inafaa kwenda Kambe ukirudi likizo. Nenda. Chokaa ya kule ni ya zama za Jurasiki, zaidi ya miaka milioni 160, ya bahari iliyoingia wakati Madagaska ilipokuwa inaachana na Afrika. Utaona vitufe vidogo vya chokaa vilivyoviringishwa na maji, na kwenye miamba ya Cha Simba yanaota maua ya Saintpaulia, ndugu wa porini wa yale yanayouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima. Lakini pale karibu ni kaya za wazee wa Mijikenda. Omba ruhusa kwanza, na nyundo iache kwenye gari mpaka uruhusiwe. Kambe hata hivyo usiiingize katika kazi hii. Ni bahari nyingine na swali jingine.

Rudi Kilifi. Mwalimu wako atakuuliza umri, nawe utataka kusema miaka 125,000, kwa sababu ndivyo isemwavyo kuhusu miamba hii tangu tuko vijana. Sehemu kubwa huenda ni kweli. Lakini soma Braithwaite, 1984, juu ya historia ya chokaa ya pwani ya Kenya, uone kwamba haikuwekwa mara moja. Bahari ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Vipande vya kupima umri vichukue katika matumbawe ambayo aragonaiti yake haijabadilika. Lililogeuka kalisaiti urani yake imeshachezewa na maji, na umri utakaopewa hautakuwa na maana hata ukija na desimali mbili. Kwa hiyo gawanya kazi: tumbawe zima likupe umri, mwani ukupe kina. Tumbawe lililoharibika na mwani uliopuuzwa havitakupa chochote.

Najua utasema shangazi amelishikilia jambo dogo. Mwanangu, zile zama za miaka 125,000 iliyopita dunia haikuwa na joto kubwa kupita la sasa, nayo bahari ilisimama mita 6 hadi 9 juu ya ilivyo leo. Tofauti ya sita na tisa ndiyo wataalamu wa barafu ya Greenland na Antaktika wanayoihangaikia, na haipungui kwa kurudia vipimo vya mahali pale pale. Bahari haipandi sawa dunia nzima. Barafu kubwa huvuta maji kwa uzito wake, na ikiyeyuka maji hayo hugawanyika kwingine. Pwani iliyo mbali na barafu, kama hii yetu, ina habari ya pekee. Ukisema "juu kwa mita kati ya moja na ishirini" hujamsaidia mtu. Ukiweza kusema "ukingo wa mwamba ulikuwa hapa, chini ya maji ya mita tatu au nne," utasomwa mbali. Na sisi tunaoishi juu ya jiwe hilo hilo, tuliojenga kwalo nyumba hizi na kuona Ngome ya Yesu iliyoanza kujengwa juu yake mwaka 1593, tuna haki ya kujua maji yalifika wapi.

Tena mwani ule wa waridi ungali unafanya kazi. Matumbawe yetu yalipokufa kwa wingi kwa joto la bahari mwaka 1998, mabuu ya matumbawe mapya yalihitaji mahali pagumu pa kushika, na kemikali za baadhi ya mwani huo ndizo zinazoyaita yatulie. Kalisaiti yake yenye magnesi nyingi ni miongoni mwa chokaa zinazoyeyuka upesi zaidi maji ya bahari yanapozidi kuwa na asidi ya kabonidayoksaidi. Nikifikiria hilo nakosa raha, kwa sababu watu wanahesabu matumbawe hai kila mwaka na mwani huu wanauandika kwa safu moja tu ya jedwali, ikiwa wanauandika.

Basi, namna ya kukata. Jiwe lenye matundu usilipeleke kwenye msumeno wa almasi likiwa hivyo hivyo, litamomonyoka. Kwanza lijaze gundi ya epoksi ndani ya chombo cha kufyonza hewa, na gundi itiwe rangi ya buluu, ili baadaye ujue tundu gani lilikuwa la jiwe na lipi umelifanya wewe. Kata kufuata mshale, si kuupinga, upate kuona tabaka zinavyopanda. Libandike kwenye kioo, kisha saga. Unene unaotakiwa ni milimita 0.03, lakini kwa mwani simama kidogo kabla ya hapo, uangalie kila baada ya muda. Ukizidisha, zile kuta za seli zinapotea na hazirudi. Hakuna mashine inayoyajua haya kuliko kidole chako na subira. Usikubali mtu akusagie kwa haraka Ijumaa jioni.

Anza na jiwe la saba, kisha yale mawili ya chini ya genge uliyoandika "hakuna kitu" kwa wino mwekundu. Yakate sehemu pana kuliko ilivyo kawaida, maana tabaka za mwani hazisomeki kwenye kipande cha ukubwa wa kucha. Matumbawe yako yasubiri. Picha za slaidi ya kwanza nitumie kabla hujaifunika kwa kioo cha juu, tuone kama unene unatosha au tuendelee kusaga.

Nyanya anasema ulete mkoba wake ule wa kahawia ukija.

Shangazi yako akupendaye